Ipi Hiyo, Mwalimu?

Miaka ile ya ruksa, nchi ilipofungua milango ya biashara, kila mtu mtaani kwetu Mtoni alitaka Kiingereza. Wageni walikuwa wamerudi na kampuni zao, na majumba ya Msasani yalitafuta wapishi na wafua nguo wanaoweza kuelewana na mabosi. Mie nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi tu, na kichwa kimenivimba. Jumamosi mchana niliazima darasa la shule ya msingi, nikawafundisha watu wazima.

Nilifundisha nilivyofundishwa. Naandika ubaoni, wananakili. Nauliza, "Tumeelewa?" Wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyooo, mwalimu!" Basi, nikajiona mwalimu kweli. Leo nikiikumbuka ile ndiyo yao naona aibu.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja wa makamo, mjane mwenye watoto wanne, mpishi kwa familia moja ya Wazungu huko Msasani. Kazi ile ndiyo iliyowalisha. Njiani nilimwamkia shikamoo. Darasani, yeye ndiye aliyesimama nikiingia. Siku moja nimeandika "Pole – sorry", akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wiki iliyopita uliandika samahani ndiyo sorry. Leo pole nayo ni sorry. Sasa mtu akisema sorry, kakukosea au anakuonea huruma?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile, na jibu sikuwa nalo. Hasira zikanipanda.

"Mama, hapa hatubishani. Andika kilichopo ubaoni!"

Darasa zima likacheka. Akainama, akaandika.

Baadaye akakosa Jumamosi mbili mfululizo, naye hakuwa mtu wa kukosa. Jumatatu nikamfuata kwake. Nilimkuta uani anapeta mchele, saa ambayo alitakiwa awe jikoni Msasani. Akanisimulia bila kupandisha sauti. Paka wa pale nyumbani alirukia kabati akaangusha bakuli la udongo, ambalo bosi wake aliachiwa na marehemu mama yake. Bosi akatoka chumbani, akaona vipande, akaanza kulia. Mama wa watu alikuwa kasimama pale na ufagio. Roho ikamwuma, akampa pole kama tunavyopeana sie, mkono kifuani: "Sorry, mama. Sorry sana."

Bosi akasikia mtu anakiri kosa.

"Nikamwambia ni paka," akasema. "Akaniuliza, kama ni paka, mbona unaomba msamaha? Sikuelewa kwa nini anauliza hivyo, mie nilikuwa nampa pole tu. Kazi ikaisha siku ileile."

"Pole, mama," ikanitoka.

Akaweka ungo chini, akaniangalia.

"Ipi hiyo, mwalimu?"

Jamani! Niliaga nikaondoka, na njia nzima nilijichukia.

Sikutegemea kumwona tena darasani, lakini Jumamosi ile alikuja, akakaa palepale nyuma. Nikafuta ubao wote. Nikasimama mbele ya watu wasiopungua thelathini.

"Mama huyu aliniuliza swali mbele yenu," nikasema. "Sikujua jibu. Nikamfokea ili msigundue kwamba sijui, na kwa sababu hiyo amepoteza kazi. Samahani, mama."

Vichwa vyote vikainama. Nikadhani ni huzuni. Kumbe wanaandika! Nikapita katikati ya madawati, nikaona kwenye daftari moja hadi jingine: samahani – sorry.

Hapo ndipo nilipoona nilichowafanyia watu hawa.

Yeye peke yake hakuandika. Aliinuka taratibu akaja mbele.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. Hakuniita mwalimu. "Kazi yangu hairudi. Ila hawa bado wanazo za kwao. Waache waulize. Lete hiyo chaki."

Nikampa, nikaenda kukaa nyuma, kwenye dawati lake.