Fomu ya Kujitoa Masomoni

Karani wa kitengo cha elimu ya watu wazima pale chuoni hana papara. Kila fomu huinyoosha kwa kiganja, huisoma kwa sauti ya chini mpaka mwisho, ndipo huigonga muhuri. Jana fundi cherehani mmoja, bibi wa wajukuu wanne, alileta fomu ya kujitoa masomoni.

"Umri umenitupa mkono, mwanangu. Mtihani wa wiki ijayo siuwezi."

Karani aliisoma yote, akaifungia kwenye droo. "Hii husainiwa na mkuu, mama, naye kasafiri. Njoo baada ya mtihani."

Chumba cha pili, mkuu akakohoa. Mama aliutazama mlango, kisha akamtazama karani, ambaye alikwisha kuanza kunyoosha fomu nyingine.

"Haya. Akirudi salama, nisalimie," alisema mama, akarudi darasani.