Mume Wangu Alitangaziwa Msiba Akiwa Hai

Jamani, nimewahi kukuta tangazo la msiba la mume wangu limebandikwa getini kwetu, na mwenyewe yuko ndani anaugulia.

Picha yake. Jina lake, Mladen Tsonkov. Msalaba mweusi juu. Tarehe ya kufa tu ndiyo iliachwa wazi.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni Zdravka. Kijiji chetu kiko kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, tumebaki wazee thelathini na mbwa. Zahanati ilifungwa, duka la dawa likafuata. Kilichobaki ni mashine ya Gena muuza duka, ya kuchapa matangazo ya msiba, ambayo kwetu hubandikwa getini mtu akifa.

Asubuhi ile Mladen alishika kifua, jasho likamtoka chapachapa. Nikapiga simu ya dharura.

"Ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Mama, gari ni moja wilaya nzima, na liko mbali. Subirini."

"Mpaka lini?"

"Subirini tu, mama."

Kuta zilinibana. Gari hatuna, basi hupita Jumanne, na siku hiyo ni Alhamisi. Nikatoka mbio nalia, nikagonga kila mlango wenye mtu. Wapi! Hakuna mwenye gari.

Narudi, tangazo hilo getini. Gena kasimama pembeni na gundi mkononi.

"Gena, una wazimu? Hajafa!"

"Weee! Si nimekuona unapita unalia?" Akaziba mdomo. "Mladen mwenyewe alikuja mwezi wa tisa kulichapisha, ili usihangaike. Na watu wa mazishi nimeshawaita."

Nilitaka kumrarua. Sijamgusa, gari la maiti likafunga breki. Dakika ishirini tu!

Dereva, Yordo, akashuka na kofia mkononi. "Poleni sana. Marehemu yuko wapi?"

"Yuko kitandani anatukana. Mpeleke hospitali!"

"Dada, mimi nabeba wafu."

"Endelea kusimama hapo, utambeba huyohuyo!"

Tukamlaza panapowekwa jeneza. Mladen akafumbua jicho moja. "Zdravka, mbona haraka hivyo?"

Daktari alisema tungechelewa nusu saa tu, tungempoteza. Jioni watu wa dharura wakapiga simu kuuliza kama bado tunahitaji gari.

Tangu hapo, mtu akizidiwa tunampigia Yordo: "Tuna marehemu." Anauliza, "Anapumua?" Tunakata simu, naye anakuja.

Mwezi wa tatu Gena akaanguka dukani. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Sofia, hajui mambo yetu. Akapiga simu ya dharura, akasema ukweli: mama anaumwa sana. Akaambiwa asubiri. Alisubiri kwa muda wa saa tatu peke yake, hakutaka kutusumbua wazee.

Angempigia Yordo akasema mama amekufa, mama yake angekuwa hai. Mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwambia.

Wewe unayesoma, uliza leo huko kwenu: mtu akizidiwa, gari gani hufika kwanza? Sisi tulichelewa kuuliza.