Shibiri Ilipopungua

Mara ya tatu sasa mnanisumbua niandike habari hii. Shule nilisoma madarasa mawili, herufi zangu zinakwenda upande kama kaa, na bado hamniachi. Haya. Lakini nikishaanza asinikatize mtu, na mwandiko ukimshinda mtu akavae miwani.

Kulikuwa na fundi wa nguo, mwanamke, watu wakimwita Bi Shibiri. Chumba chake kilitazama barabara: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kona ya kupigia pasi, na sakafuni vipande vya vitambaa tele, ukiingia unatembea kama juu ya godoro. Binti yake alishona. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alipiga pasi na kupiga porojo, na kilichonyooka zaidi kilikuwa porojo. Bi Shibiri mwenyewe ndiye mkataji. Mkasi wake haukuguswa na mkono mwingine.

Jina alilipata kwa kuwa hakushika futi hata siku moja. Alimpima mteja kwa shibiri, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na shibiri yake ilikuwa inchi nane, haizidi haipungui. Mteja akishapimwa mara moja hakupimwa tena; shibiri zake zilikaa kichwani mwa fundi miaka. Watu walikuja na futi zao kumjaribu, wakaondoka wamefyata mkia.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alipenda kusema. "Ila za siku hizi ni za bandia. Mtu akili yake kaitia kwenye simu. Betri ikiisha, na yeye kaisha."

Binti yake aliandika vipimo kwenye simu. Ndiyo maana maneno hayo yalisemwa kwa sauti ya juu.

Basi mwaka ule nguo zikaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa mwalimu, suruali mkononi.

"Fundi, haifungi kiunoni."

"Umenawiri, mwalimu! Au mshahara umepanda?"

Wateja wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Uzito wangu ni ule ule wa mwaka jana," akasema, akaiacha suruali juu ya meza, na mlango ule hakuuona tena. Akaja mama mmoja muuza mboga, gauni limembana hata hawezi kuinua mikono. Huyo naye hakuambiwa kanenepa. Safari hii Bi Shibiri alimgeukia binti yake mbele ya watu wote.

"Unakula mishono! Mimi nakata sawa, wewe unaingiza kitambaa ndani kama unaficha wizi."

Binti akainama, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kuna jambo Bi Shibiri hakumwambia mtu. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajaamka, alitumbukiza mkono wa kulia kwenye beseni la maji ya moto, maana vidole viliamka vigumu kama vijiti vya kuni. Alijiambia ni baridi. Hata kulipokuwa na joto alijiambia ni baridi.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati, sare za manesi thelathini. Nesi mkuu alileta jora mwenyewe, na karatasi ya vipimo vya manesi kwa inchi, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

"Fundi, rangi hii imebaki jora hili tu. Likiharibika hakuna jingine. Na Jumatatu manesi wangu wanavaa."

Hapakuwa na haja ya kuongeza neno. Manesi thelathini wakitoka nje wamebanwa, mji mzima utajua nani kakata, na chumba kile kitafungwa. Watu watatu walikula kwa chumba kile.

Jumatano asubuhi Bi Shibiri akatandaza kitambaa, mikunjo sita, mmoja juu ya mwingine, akaibana kwa pini. Ukikata hivyo unamaliza upesi, ila kosa moja ni makosa sita. Akageuza inchi za karatasi kuwa shibiri kichwani, akapima kwa mkono, akachora kwa chaki. Akachukua mkasi.

Cherehani ya binti ikanyamaza.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Nipime kwa futi. Mara moja tu."

"Futi ndiyo iliyokuzaa?"

Shemeji akainua kichwa. "Shemeji, mwache apime. Wahenga walisema nyani haoni ku..." Akakutana na jicho la Bi Shibiri, akameza neno lililobaki pamoja na mate.

Mkasi ukafunguka. Ulimi wa chini ukapenya chini ya mikunjo yote sita. Binti akatoka mbio, akaweka kiganja juu ya mstari wa chaki.

"Toa mkono."

"Sitoi."

"Nitakata na vidole vyako."

"Kata, mama. Vidole ni vyangu. Kitambaa si chetu."

Shemeji alisahau pasi juu ya shati la watu mpaka harufu ya kuungua ikamshtua. Bi Shibiri aliutazama mkono wa mwanawe, na bado hautoki. Hajawahi kumwona hivyo. Akataka kumzaba kofi, lakini mkono wa kuzabia ndio ulioshika mkasi.

"Futi huiamini," binti akasema. "Simu huiamini. Mimi huniamini. Mkono wako je?"

Akainua kitambaa kilichoning'inia ukingoni mwa meza. Kwenye ubao kulikuwa na alama za kisu, shibiri moja, mbili, tatu. Bi Shibiri alizikata mwenyewe kwa kipimo cha mkono wake, zamani alipokuwa akimfundisha binti huyo kupima.

"Weka."

Bi Shibiri akacheka kwa dharau. Akaweka gumba kwenye alama ya kwanza, akatanua vidole. Kidole cha mwisho hakikufika. Akavuta. Kifundo kikalia, jicho likamwagika maji. Bado nusu inchi.

"Mbao imevimba," akasema.

Akajaribu alama ya pili. Nusu inchi. Ya tatu. Nusu inchi.

"Mbao haivimbi kwa kipimo, shemeji," mpiga pasi akasema polepole, na safari hii hakukuwa na utani.

Hesabu hazikumshinda Bi Shibiri hata uzeeni. Nusu inchi kila shibiri. Kiuno cha shibiri nne, inchi mbili zimekwenda. Kiuno cha mwalimu, alichokipima mkono ulipokuwa mzima.

"Umejua tangu lini?"

"Miezi minne."

"Na nguo ambazo hazikurudi?"

"Nilishona ukingoni kabisa mwa kitambaa, mama, ziwatoshe."

Kumbe aliyeitwa mla mishono ndiye aliyekuwa akiirudisha.

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia. Ulininunia siku tisa."

Ni kweli, alinuna. Bi Shibiri akasimama pale, mkasi umening'inia. Kosa alilitafuta kwenye tumbo la mwalimu, akalitafuta kwenye mishono ya binti yake, akalitafuta hadi kwenye ubao. Chumba kizima kilijua, hata mtu wa pasi, na wote walimwogopa. Hilo lilimuuma kuliko kifundo.

Akaisukuma chaki. "Chora."

Binti akafuta mistari, akachora kwa futi. Bi Shibiri alimsimamia kichwani, mara mbili akasema "hapo umezidisha", na mara mbili haikuwa imezidi. Kisha akakata mwenyewe. Mkasi ulikuwa bado unamtii.

Jumatatu nesi mkuu alifunga vifungo vyote, akainua mikono juu, akainama, akaenda zake kazini. Ama ile samahani, ilitoka Jumanne, nayo ikatoka imepinda: "Mishono yako si mibaya." Binti akaielewa.

Nimechoka kuandika. Sasa wewe usiseme "habari nzuri" ukaenda kulala. Nyumbani kwako yupo mtu anayelijua kosa lako na anakuogopa. Mkalishe leo, muulize, na ufunge mdomo mpaka amalize. Kisha njoo uniambie alichosema, neno kwa neno, bila kupunguza.