Kiti cha Dona Verónica

Ukimuuliza mtu yeyote wa Palma habari za Zubaida binti Mamudo, atakuambia ni mwanamke wa roho nzuri. Msadiki. Lakini roho nzuri haimkingi mtu na wivu, na anayejidai hajawahi kuuonja basi hajawahi kutaka kitu kwa moyo wake wote.

Zubaida ni msuka mikeka. Kwao ni Palma hapo hapo, mtaa unaotazama Ghuba ya Tungue. Alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa mara mbili, akaachika mara moja, akafiwa mara moja, na Mungu hakumjalia mtoto. Ana miaka hamsini na miwili na vidole vyenye sugu za miyaa. Huwa anajisifu kwamba akifumba macho anaweza kukuambia ukili upi umesukwa na mtu mwenye hasira.

Dona Verónica, mwalimu wa uchoraji kutoka nyanda za Mueda, ndiye aliyekuja kukodi ghala kuukuu la mbata na kuligeuza kituo cha sanaa ya kisasa. Alikiita Nyumba ya Mikono. Si duka wala si kiwanda; ni mali ya chama cha watu wa mji, na hakuna anayegawana faida kwa sababu faida yenyewe haipo. Siku ya kwanza Zubaida alipoingia alikuta mabati yenye kutu yananing'inia darini kwa mshipi wa kuvulia, na watu wamesimama wakiyatazama kwa adabu kama waliofika msibani.

"Mabati haya hata kwangu yapo," akasema. "Tena ya kwangu yanavuja."

Dona Verónica alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa kazi. Vita vilipokuja wote walikimbia, kila mtu na njia yake. Zubaida alivuka mpaka wa Namoto akakaa ng'ambo mwaka mmoja na nusu. Aliporudi alikuta ghala halina mlango wala dirisha, akalifagia peke yake siku tatu kabla mtu mwingine hajajitokeza. Tangu hapo yeye ndiye aliyefungua asubuhi, aliyewapokea wageni waliopitia mjini wakielekea kisiwa cha Vamizi, aliyewafundisha wasichana kusuka, na aliyewapatanisha wachongaji na wachoraji, maana watu wale hugombana hata kwa msumari mmoja. Dona Verónica aliandika barua. Zubaida alifanya yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo yalikuwa mengi.

Kwa hiyo Dona Verónica alipotangaza kwamba magoti yamemchosha, anarudi Mueda kwa wajukuu, na chama kitamtafuta diretora mpya, yaani mkuu wa kituo, Zubaida alisikia kana kwamba ametajwa yeye kwa jina. Mcheza kwao hutunzwa. Alirudi nyumbani akapika wali wa nazi siku ambayo si ya sikukuu.

Tangazo likabandikwa. Alimwomba mwalimu Abdurrazaque, jirani yake, amsomee, kisha amsomee tena. Kulikuwa na concurso, maana yake kila anayetaka aombe. Na anayeomba, ikiwezekana, awe na licenciatura, yaani shahada ya chuo, Kireno kizuri na kompyuta.

"Wameandika ikiwezekana," mwalimu akasema. "Omba, bibi. Mimi nitakuandikia."

"Andika. Lakini ukimwambia mtu, wallahi sisemi nawe mpaka kiyama. Nikishindwa sitaki kuchekwa."

Mwalimu akaandika, akanyamaza. Zubaida naye akanyamaza, akabaki na siri yake tumboni kama mimba changa.

Aliyekuwa hanyamazi ni Zuleica.

Zuleica alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa mtoto wa jirani, na alipovunja ungo wazazi wake walimchagua Zubaida awe somo wake. Kwa watu wa pwani hii somo si mwalimu wa wiki mbili. Ndiye anayemweka msichana ndani, anamfundisha ya unyago, anamtoa akiwa mwanamke, na tangu siku hiyo mwali ni wake mpaka mmoja afe. Aibu ya mwali humwangukia somo, na sifa yake vilevile. Zubaida, ambaye hakuzaa, alimpenda mtoto yule kwa mapenzi ya mama, na alilia machozi ya furaha alipokwenda kusoma Maputo.

Sasa alikuwa amerudi, miezi minne tu, na karatasi ya chuo na vidole vinavyokimbia juu ya kompyuta. Alijitolea kusaidia kituoni. Na hapo ndipo Zubaida alipoanza kuumwa.

Ilianza kidogo. Wageni waliokuwa wakiuliza "Yuko wapi bibi Zubaida?" wakaanza kuuliza "Zuleica yupo?" Dona Verónica, aliyekuwa akinywa chai naye kila saa nne, akaanza kunywa na Zuleica, wakiongea Kireno haraka haraka na kucheka, na Zubaida akikaa hapo na kikombe chake akitabasamu kwa mambo asiyoyaelewa. Wasichana wa kusuka walimwiga Zuleica hata namna ya kufunga kilemba. Msichana mmoja alimwonesha Zubaida ukili aliouning'iniza ukutani kama picha, akamwambia usoni, "Da Zuleica anasema hii inaitwa instalação." Zubaida akamjibu kwamba kwao inaitwa mkeka, na akamfumulisha ukili wote aurudie. Baadaye aliona haya. Lakini haya haikuzuia roho kuuma.

Alihesabu makosa ya Zuleica na hakuyapata, na hilo lilimwudhi kuliko kosa lolote. Laiti angekuwa na kiburi! Laiti angekuwa mvivu! Lakini alikuwa akifika mapema, akipiga goti kumwamkia, "Shikamoo, somo," mbele ya hao hao wageni wake wa Kireno. Ungemchukiaje mtu wa namna hiyo? Zubaida alijaribu, na polepole akaweza.

Wiki moja kabla ya siku ya waombaji kusikilizwa na chama, Zuleica alipiga hodi nyumbani kwake na mfuko wa sukari na kanga mpya, kama mwali anavyofanya akiwa na jambo zito.

"Somo, nimeomba kile kiti. Tumebaki wawili, mwenzangu simjui, Dona Verónica hataki kutaja. Nimekuja unipe radhi."

Zubaida alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba naye amebaki. Ndio wakati wa kusema, *mwenzako ni mimi*. Ulimi hauna mfupa, lakini wake siku hiyo ulikuwa mzito kama jiwe.

"Radhi unayo," akasema.

"Na kuna la pili. Kila mmoja wetu ataonesha kitu kimoja, kitu ambacho angefungulia nacho maonesho yake ya kwanza. Mimi nataka kuutundika mkeka ulionisukia."

Msichana akiwa ndani, somo wake humsukia mkeka, na katika michoro yake yamo yote anayofundishwa mwanamke. Akitoka unyagoni mkeka hukunjwa, uso kwa ndani. Mwanamume hauoni, hata mume. Siku mwenyewe atakapokufa, wanawake huuchoma.

"Najua haufunguliwi," Zuleica akasema haraka. "Lakini nimetembea nyumba zote za sanaa Maputo, somo, na sijaona kazi inayoushinda. Na hakuna anayejua kwamba mkono wako unaweza vile. Nataka wajue. Wewe ndiye uliyeusuka. Ukiniruhusu nitaufungua, ukikataa basi."

Mtu mwingine angeguswa. Zubaida alisikia jambo moja tu: mtoto huyu atakichukua kiti changu kwa mkeka wangu mwenyewe. Na nyuma ya wazo hilo likaja la pili, baridi, lililonyooka. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote Palma kwamba wanawake hawatakubali. Haikuwa mikononi mwake kuruhusu. Haikuwa mikononi mwa mtu yeyote.

"Uoneshe, mwanangu," akasema. "Mimi nimekuruhusu."

Zuleica akambusu mkono. Sukari ile Zubaida aliiweka juu ya kabati, na wiki nzima alikunywa chai chungu.

Asubuhi ya siku yenyewe karatasi ilibandikwa mlangoni mwa kituo ikiwa na majina mawili. Zubaida alifika akamkuta Zuleica amesimama mbele ya karatasi hiyo, mkeka umekunjwa begani. Zuleica aliyasoma majina yale kwa muda mrefu kuliko majina mawili yanavyostahili. Kisha akageuka, akapiga goti.

"Shikamoo, somo. Mungu atujalie sote."

"Marahaba," Zubaida akajibu. Mkeka ulikuwa bado umekunjwa. Neno moja lilitosha: *usiufungue*. Akalitafuta neno hilo, akalipata, akalimeza.

Ukumbi ulijaa. Mezani walikaa Dona Verónica na mzee Sualehe, msemaji wa wavuvi na mwenyekiti wa chama, mtu wa maneno makali aliyewahi kuita sanaa ya kisasa "ugonjwa wa watu walioshiba," kisha akawa haachi kuhudhuria. Zubaida aliitwa kwanza. Alionesha mkeka mkubwa ulioshonwa kwa kili ishirini, kila ukili umesukwa na mwanamke mmoja aliyerudi kutoka ukimbizini, akaeleza upi ni wa nani na alikimbilia wapi. Alisema kwa Kiswahili, bila karatasi. Mzee Sualehe akapenga kamasi kwa sauti ili asionekane analia.

Kisha Zuleica akasimama. Akaeleza kwa Kiswahili na Kireno kwamba kazi kubwa kuliko zote za pwani hii zimefichwa, na waliozifanya wanakufa bila kujulikana. Akaukunjua mkeka.

Wanawake waliokaa mbele waliinamisha vichwa. Mmoja akajifunika uso kwa kanga. Halafu bibi Cadija, mkubwa wa unyago wa mji mzima, aliinuka, akavua ushungi wake na kuutupa juu ya mkeka ule, akapiga kelele, "Geuzeni nyuso, nyie wanaume! Geuzeni!" Wanaume wakageuka, wengine wakatoka nje wakisukumana. Mzee Sualehe aliongea akiwa ameutazama ukuta.

"Nani kakuruhusu? Hebu tuambie. Nani kakuruhusu kufungua jambo hili?"

Zuleica, ambaye uso ulimwiva kwa fedheha, akamtazama Zubaida. Akamtazama kwa muda ambao watu wote wangeuona, kama wanaume wangekuwa hawajageuka na wanawake hawajainamisha vichwa.

"Hakuna," akasema. "Nimejiamulia mwenyewe. Somo wangu hana habari."

Zubaida aliinuka. Miguu ilikubali, mdomo ulikataa. Alisimama hapo katikati ya ukumbi na kinywa wazi, na mzee Sualehe, alipogeuka na kumwona, sauti ikamlainika.

"Kaa chini, bibi. Aibu hii si yako."

Akakaa.

Kiti kikawa chake siku ile ile. Walimpigia vigelegele, wakamvisha kanga shingoni, na bibi Cadija akamwambia pole kwa mwali mbaya. Wanawake walimtoa Zuleica katika shughuli zao zote mpaka atakapotoa kafara, na mjini hakuna mwanamke aliyemkaribisha mlangoni kwake.

Jioni Dona Verónica alibaki ofisini akifunga vitabu vyake sandukuni.

"Inasikitisha," akasema. "Sisi tulikwisha kuamua, Zubaida. Tangu wiki iliyopita. Siku ya leo ilikuwa ya watu kuwasikia tu. Wewe diretora, Zuleica naibu wako, akuandikie barua na kukusemea Kireno. Hata Sualehe alikubali. Sasa hataki hata kulisikia jina lake."

Zubaida aliomba maji ya kunywa. Akanywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Siku ya tatu Zuleica alikuja kumuaga. Alikuwa na begi moja na gari la kwenda mji wa Pemba lilikuwa linamsubiri barabarani. Zubaida alimkaribisha akae, akakataa. Wakasimama ukumbini, chini ya ule mkeka wa kili ishirini, ambao sasa ulikuwa umetundikwa kwa heshima zote.

"Kwa nini hukunitaja?" Zubaida akauliza. Alisema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu.

"Mwali hamtaji somo wake penye aibu. Si ndivyo?"

"Ndivyo. Na asubuhi ile? Jina langu uliliona mlangoni. Ungeweza kujua kwa nini nilikuruhusu."

Zuleica akamtazama usoni.

"Nilijua, somo. Nilitaka kuurudisha mkeka nyumbani. Nilishapiga hatua mbili. Halafu nikajiona mbaya. Nikasema, nikiurudisha nitakuwa nimemdhania uovu mtu aliyenilea, kwa ajili ya kazi tu. Basi nikaufungua ili nisikudhanie."

Akapiga goti kama kawaida yake, akambusu mkono, akaenda. Honi ya gari ililia mara mbili barabarani.

Zubaida aliingia ofisini akakaa kwenye kiti. Kilikuwa kiti kizuri, cha mninga, chenye mito. Kila alichokitaka alikuwa nacho, na yule mtoto alikuwa ameondoka na begi moja na jina bovu. Na bado, alipomsikia dereva akiwasha gari, Zubaida alimwonea wivu kuliko siku zote.