Mjane Mwenye Mume Bombambili

Watu wa Songea wanapenda kunisingizia kwamba mimi ndiye niliyemfufua Mjerumani. Sikumfufua. Nilipiga chapa nilichoambiwa, ukurasa mmoja na nusu, na malipo yenyewe nikapewa nusu. Lakini kwa kuwa jambo hili limeshakuwa kichekesho cha vilabuni, na kila mmoja anatia chumvi yake, bora nilieleze mimi niliyekuwepo.

Mama Aurelia Mapunda alikuwa jirani yangu pale Lizaboni. Alikuwa mwanamke mfupi, mchapakazi, mkali kwa watu wazembe na mpole kwa kuku. Mume wake aliitwa Otto, fundi wa pampu za maji aliyekuja kutoka Ujerumani na mradi fulani miaka ya sabini, akastaafu hapahapa. Alikataa kurudi kwao kwa sababu, alisema, huko mtu anakusalimia huku anaondoka. Alipotaka kumwoa Aurelia, baba wa binti aliuliza swali moja tu: huyu ni wa ukoo gani, na nani amekuja kumsemea? Otto hakuwa na mtu. Ndipo Isidori Komba, mwashi aliyekuwa akijenga naye matangi, akasimama akasema huyu ni ndugu yangu. Kuanzia siku ile Otto akawa Komba. Alichangia misiba ya kina Komba, akagombana nao juu ya mipaka ya mashamba, na siku ya ndoa kanisani Isidori ndiye aliyekaa kwenye benchi la wazazi wa bwana harusi.

Otto alifariki mwaka tisini na moja, ghafla, moyo. Kina Komba wakamzika Kikomba kabisa. Sasa hawa kina Komba wana desturi yao. Msiba ukiisha, jina la marehemu haliachwi lizagae. Anatafutwa mtu wa ukoo, anakalishwa mkekani, anapakwa unga kwenye paji la uso na kukabidhiwa jina, na tangu hapo marehemu hasemwi tena kuwa amekufa. Yupo. Mjane halazimishwi kuolewa na mrithi, wala hawakai nyumba moja. Ni jina tu na heshima yake, na pombe kidogo siku za Jumamosi. Ila neno "amekufa" likitoka kinywani mwa mjane, jina limeanguka, na likianguka halisimamishwi tena. Jina la Otto alipewa Isidori.

Isidori aliichukua kazi hiyo kwa bidii ambayo hakuna aliyemwomba. Alikuwa hajui pampu hata moja, lakini alianza kuzunguka mabombani akigonga koki kwa spana na kutikisa kichwa. Akaanza kudai mkate asubuhi badala ya viazi. Sokoni alimwita Aurelia "mke wangu" mbele za watu, naye Aurelia akamwitikia "Otto", na akimkuta amekaa vibaya akamgombeza kwa Kingoni, vilevile alivyomgombeza Otto wa kwanza. Tulicheka sana. Mama mwenyewe alicheka. Nikajua amepoa.

Maisha lakini hayakucheka. Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yamejaa sabuni na mitumba ya kila rangi, na mwenye nyumba naye akajipa ruksa yake ya kupandisha kodi kila alipojisikia. Mbolea ilipanda, mahindi ya Mama yakaishia kiunoni. Pensheni ya Otto ilikatika siku alipozikwa. Hapo bruda mmoja mzee wa misheni ya Peramiho, aliyekuwa akimsomea barua za Kijerumani, akamwambia kwamba mjane ana haki ya fungu lake hata kama si raia wa kule. Sharti athibitishe mambo matatu: kwamba alikuwa mke wa ndoa, kwamba yu hai, na kwamba hajaolewa tena. Akipata, anabaki kwenye nyumba yake. Akikosa, anarudi Madaba kwa kaka yake, kulala jikoni na kulea wajukuu wasio wake.

"Tena Mwalimu," Mama aliniambia, "wale Wajerumani wanadhani nilikuwa mpishi wake."

Nilikuwa nimestaafu ualimu na nilikuwa na taipureta yangu kibarazani karibu na posta, nikiandikia watu barua za Kiswahili na Kiingereza. Cheti cha ndoa kilikuwepo. Cheti cha kifo kilikuwepo. Kilichobaki ni barua ya serikali kuthibitisha uhai wake na hali yake ya ndoa, basi tukaenda kwa Katibu Kata, Bwana Valence. Huyu ni kijana mwaminifu kupita kiasi. Ni wale wakikuta kalamu ya serikali njiani wanaitangaza kanisani. Tena shughuli ya kumkalisha Isidori mkekani alihudhuria yeye mwenyewe, akala nyama ya mbuzi, na hakutaka kuandika uongo. Akaandika kwamba Mama Aurelia yu hai na ana afya, kwamba hajaolewa na mwanamume mwingine yeyote, na kwamba mume wake Bwana Otto Komba yupo, amesimikwa mbele ya mwandishi wa barua hii, na anaishi mtaa wa Bombambili. Akagonga muhuri mara mbili.

Nikaitafsiri kwa Kiingereza. Naapa sikuona kasoro. Mama hakuona kasoro. Sote tulijua Otto yupo Bombambili, jana yake tu alikuwa amenikopa sigara.

Baada ya miezi mitatu jibu likaja. Bruda alilisoma mara mbili, akavua miwani. Ofisi ya pensheni ilifurahi mno kusikia kwamba Bwana Otto yu hai, na iliomba radhi kwa kukiamini cheti cha kifo na kumkatia malipo kimakosa. Maombi ya mjane yamefungwa, kwani mume anapokuwepo hakuna mjane. Bwana Otto aombwe kutuma sahihi yake na picha ya karibuni. Chini kabisa walimtakia heri ya kutimiza miaka sabini na minne.

Isidori alikuwa na hamsini na nane, lakini heri akaipokea. Alikuja kwangu amevaa tai, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sahihi ya Otto ilikuwa na mkia upande wa kushoto au wa kulia. Nilimwambia ina mkia upande wa jela. Mama Aurelia alipopata habari alimfuata hadi kwenye ujenzi, mbele ya vibarua, akamweleza mambo ambayo mke tu ndiye humweleza mume. Isidori alivua tai hukohuko.

Dawa ilikuwa moja, nayo ni kiapo mahakamani: mjane aseme kwa kinywa chake kwamba mume wake amekufa. Kina Komba wakaja juu. Wakakaa kikao nyumbani kwake kutwa nzima, wakasema anataka kuliangusha jina kwa ajili ya fedha za watu asiowajua. Mimi nikajaribu kueleza kwamba kule Ulaya hawaelewi mambo ya unga na mkeka. Mzee mmoja akanijibu kwamba hilo ni tatizo la Ulaya. Mama aliwapikia wote, wakala, wakaondoka bila jibu.

Siku ya mahakama tulikwenda watatu. Isidori alijileta mwenyewe, kwamba kama ni kuanguka aanguke akiwa anaona. Hakimu alikuwa Mzee Muhsini, Myao wa Nakapanya, mtu wa swala tano. Habari za kina Komba hakuzijua wala hakuzitaka. Nikaanza kumfafanulia desturi, akaniomba nikae. Akamgeukia Mama, akamwuliza bila haraka:

"Mama, mume wako yuko hai, au amekufa?"

Mama Aurelia alisimama akiwa ameshika pindo la kitenge chake. Alimtazama Isidori kwa muda mrefu hata karani akaacha kuandika. Nilidhani atasema yupo, na nikaanza kuwaza gari la Madaba.

"Amekufa," alisema. "Nilimfumba macho mimi mwenyewe."

Hakimu akasema innalillahi, akaandika, akagonga muhuri. Karatasi ile ndiyo iliyoleta pensheni miezi minne baadaye, na hadi leo haijakatika. Lakini siku ile hakuna aliyeiangalia. Mama alikuwa amekaa chini sakafuni, palepale mbele ya meza, analia kwa sauti, kilio cha siku ya kwanza ya msiba. Ndipo nikakumbuka kwamba hakulia tangu Otto azikwe. Angelia vipi? Kila alipotaka kuanza tulikuwa tunamwambia Otto yupo, yule pale, mpelekee pombe. Na mimi niliyejiona msomi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nilijisikia vibaya sana.

Isidori akainuka kwenye benchi, akaenda akachuchumaa kando yake. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa hajamwita kwa neno lingine ila mke wangu.

"Pole, shemeji," akamwambia. "Pole sana kwa kufiwa."

Naye Mama akampa mkono, akapokea pole.