Bi Pasi na Maji ya Alhamisi

Karani wa kanisa letu ameniletea daftari na kalamu ya risasi, akaniambia niandike habari za mtu mnyenyekevu, ziingie katika kijitabu cha Krismasi. Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nililiacha katikati kwa sababu mwalimu alikuwa mbishi. Akasema si neno, penye makosa atanyoosha yeye. Hakuna cha kunyoosha. Ukiona neno limepinda, lisome hivyo hivyo lilivyopinda. Na kama kweli alitaka mtu mnyenyekevu, angenipa mwezi mzima wa kumtafuta. Amenipa siku mbili, kwa hiyo nitaandika habari za wifi yangu.

Wifi yangu aliolewa na kaka yangu. Kaka ametangulia, tumebaki yeye na mimi katika nyumba ya vyumba viwili na redio moja. Watu humwita Bi Pasi, kwa sababu huu ni mwaka wa ishirini na sita yeye ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya kanisa: kile kirefu cha madhabahu, vile vidogo vya kufunikia vikombe, joho la mchungaji, na kola za wanakwaya, ambazo kwa maoni yake huchafuka kuliko uimbaji wao unavyostahili. Kila Alhamisi asubuhi hutoka na kikapu chenye sabuni ya mche, buluu, wanga, na ile pasi yake ya mkaa ambayo hamwazimi mtu, hata mimi. Kitambaa kikitoka mikononi mwake husimama chenyewe. Nimewahi kuona nzi ametua juu yake akateleza.

Sasa nieleze desturi yake, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, mchungaji wetu husoma majina ya watu waliotumika mwaka mzima. Ukitajwa unasimama, watu wanapiga makofi, unakaa, basi. Kwa wifi yangu haikuwa basi. Kila mwaka, siku chache kabla, alimwendea mchungaji wetu wa zamani, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema, "Baba mchungaji, mwaka huu nakuomba, jina langu usilitaje. Ninayemfulia ananiona." Mchungaji aliitikia kwa kichwa, akasema amesikia. Halafu Jumapili akamtaja wa kwanza. Wifi akakataa kwa mkono. Akamtaja tena. Wifi akasema, kwa sauti ya kufika mbele, "Hapana baba, mimi ni nani?" Akamtaja mara ya tatu. Hapo ndipo wifi alipoinuka, polepole, mkono kwenye benchi la mbele, kama mtu aliyekamatwa na askari. Makofi yake yalizidi ya mweka hazina. Na gauni la kuinukia alikuwa amelipiga pasi mara mbili.

Mwaka jana mchungaji yule akastaafu, na mwezi wa saba akaja mwingine, kijana. Mchungaji kijana ni mtu mwema. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Wifi akamwendea, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema maneno yake yale yale. Mchungaji kijana macho yakamlowa. Akamshika mikono yote miwili, akasema, "Mama, nimekuelewa."

Wifi alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, jambo ambalo halifanyi.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Amesema amenielewa."

"Si vizuri?"

"Sijui. Yule mzee hakuwahi kunielewa hata siku moja."

Jumapili ikafika. Gauni likapigwa pasi mara mbili. Mchungaji akasoma majina: mweka hazina, mpiga kinanda, mama anayepanga maua, wazee wa kanisa mmoja mmoja, mpaka na mtu aliyetoa msumari wa kutundikia kalenda. Wifi alikuwa ameshaweka mkono juu ya benchi la mbele. Mchungaji akakunja karatasi yake. "Ndugu zangu," akasema, "yupo mama mmoja humu ndani aliyeniomba nisimtaje. Naliheshimu ombi lake. Huo ndio unyenyekevu. Tujifunze."

Watu wakaanza kugeuza shingo kumtafuta huyo mama. Wakamwona mpanga maua, ambaye alikuwa ametajwa dakika tatu zilizopita, ila hakuna aliyekumbuka, maana alikuwa ameinamisha macho. Yule mama ana namna ya kuinamisha macho. Wakamtazama kwa heshima kubwa. Mpanga maua hakukana.

Njiani, tulipofika kwa fundi viatu, wifi akasimama.

"Alhamisi siendi," akasema.

"Alhamisi ndiyo mkesha wa Krismasi, wifi."

"Najua ni siku gani. Madhabahu ikae uchi. Wamwite mwenye maua yake aifunike kwa majani."

"Lakini si wewe mwenyewe uliyemwomba asikutaje?"

"Niliomba. Sikumwambia akubali."

"Mkataa pema..."

"Usinimalizie methali barabarani, watu wanapita."

Nilimjua. Akishasema siendi, haendi. Kaka yangu aliwahi kungoja chakula siku nne kwa sababu ya neno moja la kijinga. Nikaanza kufikiria Krismasi ya madhabahu tupu, na mimi nimekaa benchi la pili, kila mtu akijua huyo asiyefua anaishi na nani.

Alhamisi aliamka saa kumi na moja kama kawaida yake, akakaa na hasira. Akapiga pasi shuka ambalo lilikuwa limeshapigwa. Akafagia uwanja wetu, akaendelea mpaka kwa jirani. Geti likilia tu, anaweka uso wa mtu anayengoja kubembelezwa. Aliyebisha hodi alikuwa muuza mayai. Saa tatu ikapita, hakuna mjumbe. Saa nne kasoro akachukua kikapu.

"Unakwenda wapi?"

"Vibanio vyangu vya nguo viko kule. Ni mali yangu."

"Na pasi hiyo ni ya kubebea vibanio?"

Akatoka na kikapu chake. Yaliyofuata amenieleza mwenyewe, na baadaye mlinzi wa kanisa akanieleza upya, kwa usahihi zaidi.

Nyuma ya kanisa letu pana sakafu ndogo ya saruji, kamba mbili za kuanikia, na bomba ukutani. Wifi alikuta mabeseni matatu yamejaa maji hadi ukingoni, yamefunikwa kwa mbao zilizofutwa vumbi. Jiko lilikuwa limewashwa, na mkaa umefukiwa kwenye majivu ili moto usiishe. Mlinzi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia yake gotini. Ni mtu wa maneno machache, yule. Miaka yote hiyo wifi alikuwa akimsalimia kama mtu anavyosalimia nguzo, kwa kuikwepa.

"Umechelewa leo, mama," mlinzi akasema.

"Sikuja kufua. Nimefuata vibanio vyangu."

"Sawa. Vimo kwenye kopo."

Hakuinuka kumletea. Wifi akatazama mabeseni.

"Nani amejaza haya maji?"

"Mimi."

"Leo?"

"Leo si Alhamisi?"

"Na Alhamisi nyingine?"

Mlinzi akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea upande gani. Wifi akaenda kwenye bomba, akalifungua. Bomba likakohoa vumbi la kutu, likanyamaza.

"Hilo lilikufa mwaka ule walipobadilisha paa," mlinzi akasema.

"Paa lilibadilishwa miaka kumi na moja iliyopita!"

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Maji aliyateka shuleni, ng'ambo ya barabara. Ndoo mbili mbili, safari sita, alfajiri, kabla mwenye geti hajaja kufunga. Hapo hujaweka ya kusuuzia majoho siku ya Pasaka.

"Mbona hukuniambia?" wifi akauliza, na akaiuliza kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyebebeshwa ndoo.

"Hukuuliza."

"Mtu asipouliza hujui kumwambia?"

"Ningekuambia, ungesema asante. Ukisema asante, itanibidi nikatae. Mimi sijui kukataa kama wewe." Akaigeuza kofia gotini. "Mimi hukaa mlangoni, mama. Kule nyuma ya mabenchi tunaona migongo tu. Wewe huanza kuinuka jina likitajwa mara ya pili."

Wifi yangu ameambiwa mengi maishani, mengine nimemwambia mimi. Hilo lilikuwa jipya. Anapenda sana kuwaambia wenzake kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Huwaambia wajukuu, humwambia muuza mayai. Na yeye ameona maji yamejaa kwenye beseni Alhamisi baada ya Alhamisi, hakujiuliza.

Akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akaondoa mbao. Alifua kama mtu anayemwadhibu mtu. Akafikicha, akasuuza, akatia buluu, akakamua, akaanika. Mlinzi akamletea ndoo mbili zaidi bila kuulizwa. Lile neno asante, ameniambia, lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukimeza linachoma, ukitema linachoma. Mwishowe akafungua kinywa akasema, "Mkaa wako una moshi."

"Ndiyo," mlinzi akasema.

Jua lilipokuwa linainama alirudi nyumbani, vitambaa vimeshatandikwa kanisani. Akakaa mlangoni. Nikamwekea chai, ikapoa.

"Miaka kumi na moja, wifi," akasema. "Nakuta maji yapo, naweka sabuni."

"Ulidhani yanatoka wapi?"

"Sikudhani."

Hilo ndilo neno pekee la unyenyekevu alilolisema mwaka mzima, na aliyelisikia ni mimi peke yangu. Karani, hapo ndipo pa kuweka mstari.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kitambaa kilikuwa kimesimama madhabahuni, cheupe hata kinaumiza macho. Watu walimsifu mpanga maua. Baada ya matangazo mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno, kama aulizavyo kila mara, akiwa ameshafungua kitabu cha nyimbo kwa sababu hakuna anayekuwa na neno. Wifi akainuka. Hakuna aliyemwita, hakuna benchi alilolishika. Nikamvuta gauni. Akaupiga mkono wangu.

"Mimi ndiye ninayefua vitambaa hivyo," akasema. "Maji ya kufulia siyateki mimi. Huyateka yule pale mlangoni, tangu bomba lilipokufa. Bomba limekufa miaka kumi na moja, hata mchungaji hajui. Sijawahi kumwambia asante. Namwambia sasa. Asante."

Akakaa, akatazama mbele kama mtu aliyemeza dawa.

Mchungaji kijana akamtazama mlinzi. Alikuwa ameshajifunza kuheshimu watu, maskini. "Mzee wetu," akasema kwa upole, "pengine nawe ungependa tusikutaje?"

"Hapana," mlinzi akajibu kutoka mlangoni. "Nitajwe."

Mchungaji akamtaja. Mlinzi akavua kofia, akafunga vifungo vya koti vyote vinne, akatembea katikati ya mabenchi mpaka mbele kabisa, mahali ambapo hakuna aliyemwita. Akageuka, akawatazama watu. Alikuwa anaona nyuso. Makofi yakapigwa. Yakaisha. Yeye akabaki amesimama. Basi watu wakapiga tena. Alipoona yametosha, akasema, "Ni kweli, mimi ndiye," akarudi mlangoni kulinda.

Nilimwambia wifi pale pale, kwa kunong'ona, "Umemshukuru, sawa. Lakini umejitaja wewe kwanza."

"Nimesema ukweli," akasema. "Ukweli una mpangilio wake."

Wakati wa kutoka, mchungaji alikuwa mlangoni anashika watu mikono. Alipofika wifi, akamshika mikono yote miwili kama siku ile. "Mama," akasema, "asante kwa vitambaa."

Nikaona wifi anafungua kinywa. Nilijua kinachokuja, nimekisikia zaidi ya miaka ishirini. Hapana baba, mimi ni nani. Na huyu kijana angeelewa tena, angemwachia mikono, na habari ingeishia hapo mpaka mmoja wetu azikwe. Mlinzi alikuwa amesimama kando, safari hii anamwona usoni. Wifi akamtazama mlinzi. Akafunga kinywa. Akameza.

"Haya," akamwambia mchungaji. "Nimepokea."

Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtu mwingine. Nikamshika kiwiko, naye akaniacha nimshike.

"Mara moja tu?" mlinzi akauliza.

"Niache," wifi akasema.

Basi ndiyo hayo. Kalamu imebaki kipande, na karani asitegemee kurudishiwa. Lakini wewe uliyeketi ukasoma mpaka hapa, usifunge kijitabu ukasema inagusa moyo. Bomba bado limekufa. Mlinzi mwaka huu anashika kiuno akiinuka kwenye ndoo. Shule iko ng'ambo ya barabara, geti lao hufungwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyumbani kwako kuna ndoo, usinidanganye, nimeiona. Alhamisi njoo nayo. Na kama wewe ni fundi bomba, acha kusoma sasa hivi, uje leo.