Spana Namba Kumi na Tatu

Mwezi wa Julai 1974 baba yangu alifariki, na siku ya kumaliza matanga spana zake nazo zikaondoka.

Hazikuibwa na mtu, ziligawanywa. Wazee wa ukoo walitoa uani vitu vya marehemu: kigoda, mkuki, koti, na sanduku la bati la vifaa vya pikapu yake. Kigoda na mkuki vilitosha watu wawili tu. Spana zilifurahisha wengi. Kila ndugu alichukua moja ya kumkumbuka marehemu. Namba kumi ikaenda Itiryo, kumi na tisa ikaenda Nyansurura, kumi na tatu akaichukua baba mdogo. Mimi, mwana mkubwa, nilipewa kumi na saba, nikashukuru. Hakuna aliyeuliza gari lingefunguliwa na nini. Hata mimi sikuuliza. Yangu nilikuwa nagongea misumari.

Miezi michache baadaye serikali ilituambia tuhamie kijiji kipya, kaya zote. Nyumba tukaibomoa, mabati tukayabeba. Pikapu ikabaki peke yake kwenye mahame, haijawaka tangu msiba. Baba mdogo akajitolea kuleta ng'ombe wake wanne na mnyororo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Gari la mume wangu halitakokotwa mbele ya watu kama jembe," akasema. Kisha akanigeukia, akaniita kijana kwa lugha yetu. "Mura, litengeneze."

Nilikuwa na darasa la saba, na nilikuwa nimemtazama baba akifanya kazi. Nilijua petroli iliyolala imeacha uchafu kwenye kabureta, na lazima ifunguliwe. Namba za nati sikuzijua. Basi nikachukua kipande cha sabuni, nikakikandamiza kwenye kila nati niliyotaka kufungua, nikapata matundu manne ya pembe sita. Sabuni siku hizo tuliipangia foleni. Mama aliona, akanyamaza. Hapo nikajua jambo lile lilikuwa zito kwake kiasi gani.

Kuwadai ndugu kumbukumbu za marehemu ilikuwa aibu, basi mjini Tarime nikaingia duka la mzee mmoja Mwislamu, muuza vyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaitazama sabuni mkononi mwangu. "Umekuja kununua spana au kuoga?"

Nikamwonyesha boksi jekundu kwenye rafu: seti nzima, imepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, inang'aa. Niseme kweli, nililitaka lile boksi. Nilishajiona nikiingia nalo kijijini. Nilikuwa nimeuza mbuzi mmoja, na nilikuwa tayari kuuza wa pili.

"Nusu yake ni za inchi," mzee akasema. "Gari lenu ni la milimita. Hiyo nusu nyingine utaitundika ukutani, wageni waione."

Akavuta debe la spana zilizotumika, akawa anaingiza boliti zake kwenye matundu ya sabuni. "Kumi. Hili kumi na saba."

"Hiyo ninayo."

"Kumi na tisa. Na hili kumi na tatu. Usitazame mng'ao, kijana. Tazama mdomo kama umepanuka."

Nikatazama mdomo wa ile ya kumi na tatu. Haukuwa umepanuka. Kwenye mpini kulikuwa na alama tatu za tupa. Baba alizikata mwenyewe, spana zake zisichanganyike na za watu.

"Hii umeipata wapi, mzee?"

"Kwa mtu wa huko kwenu. Alisema ni ya urithi, hawezi kuitoa kwa bei ya hivi hivi."

Nikanunua zote tatu. Sikuomba kupunguziwa.

Kabureta niliiosha, nikaifunga tena. Asubuhi ya kuhama baba mdogo alikuwa amefika mapema, ng'ombe wamefungwa nira, mnyororo begani. Nikazungusha hendeli mara saba au nane.

"Mura, acha, utavunjika mkono," akasema. "Ng'ombe hawa hapa."

Gari likakohoa, likawaka. Mama akapanda mbele kabla sijaondoa mawe kwenye magurudumu.

Baba mdogo akaokota spana juu ya bampa. Akaigeuza. Kidole gumba chake kikapita juu ya zile alama.

"Spana nzuri hii," akasema.

"Nzuri sana, baba."

Akairudisha polepole, akapanda, akakaa karibu na mama. Tukaondoka. Tulipofika kijitoni akaniomba nisimame: alikuwa amewasahau ng'ombe wake kwenye nira. Akashuka, akarudi kwa miguu.